Alichukua Floti ya Mpenzi Wake Akanunua Vijidude vya Umeme: Yaliyomkuta Fundi wa Kahama Kule Machimboni

Kuna jamaa mmoja pale Kahama, jina lake lipo kapuni. Ana miaka 26, alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kawaida tu, akaamua kufungua kibanda cha ufundi karibu na stendi. Sabufa imeungua? Mpelekee. Inveta ya sola inapiga kelele haiwashi? Mpelekee. Kibanda kizima ni mita 2 kwa 2, lakini ndani kuna maiti za vifaa vya umeme za kutosha kujaza Fuso.

Huyu jamaa ana mpenzi wake, dada mmoja mtulivu sana, wakala wa pesa kwa simu. Meza, mwavuli, simu 3 za batani na daftari. Wamepanga chumba kimoja mtaa wa nyuma ya soko, na kwa zaidi ya mwaka walikuwa wanaweka hela kidogo kidogo kwa ajili ya mahari. Kwa kifupi, watu wa maisha ya kawaida, kama wewe unayesoma hapa.

Sasa dada ana mdogo wake wa kiume anayefanya kazi kwenye duara moja huko njia ya Kakola kuelekea Geita. Kwa wasiojua, duara ni shimo la mchimbaji mdogo wa dhahabu, limesimikwa matimba pembeni ili udongo usiporomoke. Mawe yanapandishwa kwenye viroba, na huko chini hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi, mtu analipwa kwa mgao wa viroba. Mawe yasipopanda, hakuna kula.

MCHONGO ULIVYOANZA

Jumapili moja dogo akaja kusalimia, wakala ugali kwa sato, ndipo akalitoa la moyoni.

"Shem, bosi wetu kanunua mota ya foko kwenye skrepa. Ya umeme, volti 24. Kaifunga kwenye gia, kaweka na kamba. Ila tukiiunga kwenye betri inaruka kama ng'ombe mwenye kichaa. Juzi kiroba kimegonga matimba, jiwe likashuka. Ingempata mtu, tungekuwa msibani saa hizi."

Ukiunga mota kubwa moja kwa moja kwenye betri, haina habari ya kuanza taratibu. Mota iliyosimama ni kama waya mtupu, inameza umeme mara kadhaa ya ule inaokula ikishazunguka. Kamba inakazwa kwa ghafla, kiroba kinarushwa. Na usipoitaka hiyo unabaki na winchi ya mkono, wanaume 3 wanazungusha gogo kutwa nzima mpaka mikono inatoka malengelenge.

Utauliza, kwa nini wasitumie injini ya petroli? Kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa ambayo haina rangi wala harufu. Ukiiweka mdomoni mwa shimo na upepo ukageuka, watu wa chini wanasikia usingizi, na wengine hawaamki. Nguzo ya Tanesco nayo ilikuwa haijafika pale. Bosi alikuwa na betri 2 za lori na paneli za sola, akili yake ikamtuma kwenye mota.

Kilichokosekana ni kitu cha kuiambia mota "anza polepole, ongeza, punguza, simama". Hicho kinaitwa kontrola. Bosi akatangaza dau: laki 8. Laki 2 za kuanzia, laki 6 mashine ikifanya kazi.

Laki 8 kwa mtu anayetengeneza sabufa kwa elfu 5? Jamaa hakulala siku hiyo.

AKILI YA KONTROLA, KWA LUGHA YA KITAA

Chukulia una bomba la maji ambalo halina nusu, ni kufungua lote au kufunga lote. Unataka maji nusu ufanyeje? Unafungua na kufunga haraka haraka, nusu ya muda wazi, nusu limefungwa. Ndoo inapata maji nusu. Kontrola inafanya hivyo hivyo kwa umeme, ila yenyewe inafungua na kufunga mara maelfu kwa sekunde, na mota inahisi kama imepewa volti za wastani. Ukitaka ianze taratibu, unaanza na muda mfupi wa kufungua, halafu unaongeza.

Kinachofanya hiyo kazi ya kufungua na kufunga ni kidude cheusi chenye miguu 3 kinaitwa mosfeti. Jamaa alikuwa nazo kibao, maana inveta zilizokufa zimejaa mosfeti za IRF3205. Karatasi yake inasema inavumilia volti 55 na ampi 110. Akaona ampi 110 kwa kidude kimoja, kazi imeisha.

Akapiga hesabu kwenye boksi la sabufa. Viroba 2 vya kilo 50, mwendo wa nusu mita kwa sekunde, kwenye kamba ni kama wati 500. Ukiongeza hasara ya gia na mota, betri zinatoa karibu wati 1,000, yaani ampi 40 na kitu. Mbona rahisi?

Akaunga mosfeti moja, akachomeka mota ndogo ya kujaribia. Safi. Akachomeka mota ya foko. Pap! Kidude kikapasuka kati, kipande kikamgonga shavuni.

Kilichomponza ni kwamba zile ampi 110 ni za kwenye karatasi, kidude kikiwa kimepozwa vizuri ajabu. Mosfeti hata ikiwa imefungua kabisa, ina kaupinzani kadogo, mililohm 8 hivi. Ukipitisha ampi 100, joto ni ampi mara ampi mara upinzani, unapata wati 80. Hilo ni joto jingi mno, ndani ya kitu cha ukubwa wa ukucha.

Suluhisho ni kuzipanga 6 sambamba zigawane mzigo. Na hapa kuna utamu wake: ukigawa ampi kwa 6, joto la kila kimoja halishuki mara 6 tu, linashuka mara 36. Kutoka wati 80 unakuja wati 2 na ushee. Hiyo inapozwa na bati la alumini la amplifaya ya zamani.

Basi akapanga 6. Zikaungua zote 6.

NAMBA YA SIRI

Safari hii kosa lilikuwa kwenye kuziwasha. Alikuwa anaziamrisha moja kwa moja kutoka kwenye kibodi cha Arduino, ambacho kinatoa volti 5 na umeme kiduchu. Zile mosfeti zinataka kama volti 10 kwenye mguu wa amri, na zinataka zipewe kwa nguvu na kwa haraka. Ukizipa polepole zinakaa katikati, si wazi si kufungwa, na pale katikati ndipo zinapochemka. Alihitaji sakiti ya kati ya kuzisukuma. Alihitaji pia kapasita kubwa, dayodi nene, bodi ya shaba, na mosfeti mpya, maana za kuchomoa kwenye maiti zilikuwa zimeisha.

Ile laki 2 ya kuanzia bosi alisema "Jumatatu, fundi, bila wasiwasi". Siku hiyo ilikuwa Ijumaa usiku, basi la mizigo ya Kariakoo linapakia Jumamosi, na dada amelala. Namba ya siri ya laini ya uwakala jamaa anaijua, maana huwa anamsaidia dada akienda msalani au sokoni.

Akachukua hela ya floti. Akamtumia muuzaji wa Kariakoo. Akajisemea, Jumatatu nairudisha kabla hajagundua.

Wanaume bwana.

Jumatatu asubuhi bosi simu haipatikani. Saa 4 mteja kaja mezani kwa dada anataka kuweka laki 3, ada ya mtoto. Dada anaangalia floti: imebaki elfu 41. Mteja anasubiri. Foleni nyuma. Dada anarudia kuangalia, mikono inatetemeka, akidhani ametapeliwa na wale wa "tuma kwenye namba hii". Akafungua historia ya miamala. Ijumaa, saa 5 usiku, hakumaliza hata kusoma jina la mpokeaji.

Hakwenda kupiga kelele kibandani. Alifunga mwavuli, akaenda akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Ngosha, hii hela si yangu. Ni ya mwenye ofisi. Umeniibia mimi au umemuibia yeye?"

Jamaa akaanza kuelezea mosfeti.

"Sijakuuliza hivyo vidude. Nimekuuliza umemuibia nani."

Akakosa jibu. Dada alichukua ile akiba ya mahari, yote, akafidia floti siku hiyo hiyo kabla mwenye ofisi hajapiga hesabu. Halafu akabadilisha namba ya siri. Chumba hakuhama, ila maneno yakawa machache. "Chakula kipo." "Nimefunga mlango." Basi.

BODI YA TANO

Mzigo wa Kariakoo ulifika. Mosfeti 20, zimeandikwa IRF3205 vizuri, zinang'aa. Kabla hazijaungua tena, jamaa akaamua kuzipima. Alichukua betri ya volti 12 na taa 2 za gari za wati 55, ambazo pamoja zinakula kama ampi 9. Umeme anaupitisha kwenye mosfeti, halafu anapima volti zinazopotea juu yake. Mosfeti ya kweli ipoteze milivolti 70 hivi, isizidi 80. Zilizopita mtihani zilikuwa 9. Nyingine zilikuwa zinapoteza 200 na zaidi, na moja alipoipasua kwa koleo akakuta ndani kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Feki. Zaidi ya nusu ya zile mosfeti zilizonunuliwa kwa hela ya mwenye ofisi zilikuwa takataka.

Ukijumlisha na vitu vyake vya zamani, alikuwa na vya kutosha bodi moja ya maana, na akiba ya mosfeti 3. Kukosea hakukuwa na nafasi tena.

Akachora sakiti kwenye simu, akaenda stationari wakamtolea kopi ya leza kwenye karatasi ya kalenda, ile inayong'aa. Akaigandisha kwenye bodi ya shaba kwa pasi ya dada (aliomba kwanza), akaizamisha kwenye dawa ya kula shaba. Njia za shaba za bodi ni nyembamba kuliko unywele, ampi 100 zingezichoma kama karatasi, kwa hiyo akalaza juu yake waya mnene wa shaba wa nyumba, akaufunika na lisasi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaweka kapasita karibu kabisa na mosfeti, na dayodi kwenye mota, maana mota ikikatiwa umeme ghafla inajibu kwa kurusha volti nyingi, na volti 55 zikipitwa mosfeti inakufa bila hata kupata moto.

Usiku wa manane mota ya foko ikaanza kuzunguka. Polepole. Unaweza kuhesabu mizunguko. Akaongeza, ikaongeza. Akapunguza, ikapunguza. Akaushika ule mhimili kwa gunzi la mbao, mota ikakaza lakini kontrola ikakataa kuvuka kipimo alichoiwekea.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kitenge. Akaangalia kama dakika moja.

"Kumbe ndiyo hii," akasema, akarudi kulala.

SIKU YA SIKU

Kule durani walikuja kushuhudia hadi mama wa chapati. Kiroba cha kwanza kikapanda kama kimebebwa na malaika. Cha pili, cha kumi, cha thelathini. Vijana wanashangilia, dogo anatamba "huyo ni shemeji yangu, mnaona!". Bosi kavimba kwa furaha, akasema maneno ambayo jamaa hakuyapenda: "Kesho tunapandisha na watu humo humo. Ngazi zinawachelewesha."

Mchana watu wakaenda kula. Mwendeshaji akabaki anamalizia viroba 2 vya mwisho. Vilipokaribia juu akaachia kitufe.

Mota haikusimama.

Alibonyeza, akaachia, akabonyeza. Hakuna kitu. Viroba vikaenda kugonga puli, kamba ikakatika, kilo 100 za mawe zikarudi shimoni mita zote zile. Ule mshindo ulisikika hadi kwenye wali. Watu walikimbia wakiita majina. Wakahesabiana mara mbili. Chini hakukuwa na mtu. Wali ndio uliowaokoa.

Jamaa alifungua boksi, mikono haimtii. Skrubu moja ililegea kwa mtikisiko, mosfeti moja ikaachana na bati la kupozea, ikachemka. Na hapa ndipo alipojifunza kitu ambacho video zote alizotazama hazikukisisitiza: mosfeti ikifa, mara nyingi haifi ikiwa imefunga. Inakufa ikiwa imefungua. Programu inasema simama, kitufe kinasema simama, umeme unapita tu.

Bosi akasema imetokea mara moja tu, badilisha hicho kidude, kesho kazi iendelee, na watu wapande. Laki 6 zilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, zinaonekana.

Sasa jiweke kwenye viatu vyake. Unadaiwa akiba ya mahari. Mwanamke wako haongei na wewe. Hela unaiona kwa macho. Kubadilisha kidude ni dakika 20.

Lakini huu ukanda watu wana kumbukumbu. Mwaka 2015, pale Nyangarata, Kahama, wachimbaji 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 kule Nyarugusu, Geita, watu 15 waliokolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa kwa siku kadhaa. Hizo ndizo zinazosimuliwa kwa sababu ziliisha kwa watu kutoka. Na kwenye hilo duara, wa kwanza kupanda kwenye kamba angekuwa dogo, maana yeye ndiye aliyekuwa anatamba.

"Mzee, naondoka nayo," jamaa akasema. "Ikirudi itavuta mawe. Watu hapana."

"Basi ondoka bila hela."

Akang'oa bodi yake, akapanda bodaboda. Vumbi la njia ya Kakola likammaliza.

KITU KILICHOKUWA SKREPA

Alichohitaji ni kitu cha kukata umeme wenyewe, nje ya kontrola, kisichojali mosfeti ipo hai au imekufa. Swichi kubwa ya sumaku, mafundi wanaiita kontakta. Za kawaida za umeme wa nyumbani hazifai, maana umeme wa betri ukikatwa unavuta cheche ndefu, unaunganisha vyuma. Akakumbuka: foko yoyote ya umeme inakuja na kontakta yake. Akarudi kwenye ile skrepa ilikotoka mota. Ilikuwepo, chini ya rejeta, na muuzaji aliitoa kwa elfu 15 kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini.

Akaipanga hivi: kontakta inakaa imeshikwa muda wote kitufe kimebonyezwa. Ukiachia, inaachia. Juu karibu na puli akaweka swichi, kiroba kikiigusa inaachia. Pembeni kitufe chekundu cha kupiga ngumi, ukipiga inaachia. Skrubu zote akaweka washa za springi.

Hata hivyo kwenye boksi aliandika kwa rangi nyekundu: MAWE TU. Kwa sababu kontakta nayo inaweza kuganda siku moja, na kamba ile si ya kubeba binadamu.

Bosi alikaa wiki 2 na gogo la mkono, viroba vikapungua, vijana wakaanza kuhamia maduara ya jirani. Akapiga simu mwenyewe. Hakuomba radhi, alisema tu "lete hiyo ya mawe". Akalipa laki 4 badala ya 6. Jamaa akachukua.

Zote alimpelekea dada, akaziweka juu ya daftari lake la miamala. Dada akahesabu, akaandika tarehe, akaandika "marejesho", akasema bado laki moja na nusu.

Mwezi na kitu baadaye, jioni, dogo anapiga simu.

"Shem, mashine yako mbovu! Imezima kiroba kikiwa hewani, kimening'inia tu, kama mita 2 kabla ya puli. Ilipiga klak! halafu kimya. Tumekishusha kwa mkono. Bosi anafoka kweli."

Jamaa akauliza kitu kimoja tu: kuna aliyeumia? Hakuna. Kamba? Nzima. Alipofika kesho yake na mita, mosfeti 2 zilikuwa zimekufa, zote zikiwa zimefungua. Alibadilisha, akasikiliza matusi ya bosi mpaka mwisho, akarudi Kahama anatabasamu peke yake kwenye basi kama chizi.

Usiku akamsimulia dada. Dada alisikiliza huku anapiga hesabu zake, akauliza, "Kwa hiyo ile klak ndiyo hela ya mwenye ofisi?"

"Ndiyo hiyo."

Akafunga daftari. Deni limebaki elfu 60 sasa, mahari wameanza kuweka upya kutoka sifuri, na namba ya siri mpaka leo jamaa hajaambiwa.

Haya wadau, kazi kwenu. Dada afanyeje, ampe namba ya siri au aendelee kukausha? Na wewe ungekuwa jamaa, siku ile laki 6 ipo mfukoni mwa bosi, ungeng'oa bodi uondoke? Tiririka hapo chini.